Mti wa Ua Katika Sinia



Kijana mmoja katika wasomaji wetu, akaaye Uingereza kwa masomo, ametuletea swali ambalo hatukulitazamia. Jirani yake aung'oa ua wa kale wa miti ya miiba mbele ya nyumba, naye amemruhusu kijana huyu achukue shina moja alipendalo. Ataka kulifanya bonsai, yaani mti mdogo wa kulelewa katika sinia la udongo kwa namna ya Wajapani, tena uonekane kana kwamba umeota wenyewe mashambani. Atuuliza aukunje vipi kwa waya ili uwe tayari kabla ya majira ya joto. Jawabu letu ni kwamba asiukunje kabisa mwaka huu, wala mwaka ujao.

Mti huo Waingereza huuita hothoni, nasi tutauita mhothoni. Ni wa jamaa moja na mwaridi na mtufaha, na nduguye wa nchi za Sham Waarabu humwita zaaruri na kula matunda yake. Huchanua maua meupe mwezi wa Mei, na matunda yake mekundu ni riziki ya ndege wakati wa baridi. Katika karne ya 18 na ya 19, ardhi za shirika za Uingereza zilipogawanywa kwa sheria za Bunge, ilipandwa mihothoni isiyo na hesabu iwe mipaka, kwani mifugo haipenyi katika miiba yake. Basi shina la ua wa kale huenda limekatwa na kuchipuka tena na tena kwa miaka mia au zaidi, hata likawa nene, fupi, lenye vifundo na mapango. Uzee wa namna hiyo hapana mtu awezaye kuupanda leo akauona maishani mwake. Ndiyo maana mafundi huutafuta, na ndiyo maana kuuua kwa pupa ni hasara isiyolipika.

Amefanya vyema kungoja ruhusa ya mwenyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 yakataza kung'oa mmea wa mwitu bila idhini ya mwenye ardhi au mkaaji wake, na nyua za mashambani zina kanuni zake za ulinzi tangu 1997, ingawa ua wa bustani ya nyumba haumo katika kanuni hizo.

Na aung'oe mwisho wa baridi, macho ya matawi yanapoanza kuvimba na majani hayajatoka. Mizizi minene yaweza kukatwa kwa msumeno. Ile myembamba kama nyuzi, iliyo karibu na shina, ndiyo roho ya mti, nayo ifunikwe kwa gunia bichi isipigwe na upepo hata nusu saa. Kisha auweke katika kasha la mbao lenye matundu, aujaze changarawe nyepesi isiyotuamisha maji, na aufunge barabara usitikisike. Kasha likae nje, mahali pasipo upepo mkali; mti huu si wa kuwekwa sebuleni.

Hapa pana hadaa ambayo imewaponza wengi. Mti uliohamishwa waweza kutoa majani mengi mwaka wa kwanza kwa nguvu zilizokuwa zimewekwa akiba katika shina, ilhali chini haujapata mizizi mipya. Mwenye haraka akiona majani hayo hudhani umekwisha kupona, akaanza kukata na kukunja, na kabla ya mwaka kupita ukamfia mikononi. Aungoje mpaka chipukizi zirefuke kwa nguvu msimu mzima.

Sasa tuje katika umbo, nalo ndilo ulilotuuliza hasa. Wengi huuvika mhothoni nguo ya msonobari: matawi yameshushwa chini kwa waya, yamepangwa tabaka juu ya tabaka kama sahani. Msonobari wa mlimani huwa hivyo kwa kuelemewa na theluji. Mhothoni mzee wa shambani hauko hivyo hata kidogo. Matawi yake hupanda, hupinda ghafula, hugawanyika, hupitana, na kichwa chake ni kipana na kimesongamana. Na ule ulioota pwani hulazwa wote upande mmoja na upepo wa bahari. John Naka, fundi mashuhuri wa Marekani aliyefariki mwaka 2004, aliwafundisha wanafunzi wake waifanye bonsai ifanane na mti, wala si mti ufanane na bonsai. Kwa hiyo, kabla ya kushika mkasi, kijana wetu atoke wakati wa baridi, majani yakiisha kupukutika, aichore mihothoni ya mashamba ya huko.

Njia ifaayo ni ile waipendayo mafundi wa Lingnan, kusini mwa Uchina: kuacha kukua, kisha kukata. Chipukizi huachwa lirefuke mpaka linenepe kwa kadiri itakiwayo, kisha hukatwa libaki jicho moja au mawili. Jicho hilo huelekea upande mwingine, na kwa hiyo tawi hupata kona yake lenyewe. Kila kipande kiwe kifupi na chembamba kuliko kilichotangulia. Ni kazi ya miaka, kwani kipande kimoja huweza kutaka misimu miwili. Waya utumike kwa chipukizi changa tu, kwani matawi makavu ya zamani huvunjika. Tena atazame kila juma, maana waya huuma gome upesi.

Makovu makubwa ya msumeno asiyafiche. Katika maumbile mahali hapo huoza pakawa pango. Basi achonge kwa patasi, akifuata mkondo wa mbao, lakini baada ya kujua sehemu gani ya shina i hai. Mchongo laini mno humsuta mchongaji.

Jambo la maua, asilitarajie karibu. Hutoka katika vitawi vifupi vilivyotulia, na apunguzaye kila ncha kila mwaka hayaoni. Wakati wa kuupogoa ukifika, atuletee picha za shina likiwa tupu, za pande zote nne, nasi tutamwonyesha tawi la kuanzia.