Kapolowe: Shaba yaenda mbali, alama za mababu zarudi kwa sanaa

Kila siku malori ya shaba yanapita kwenye barabara ya Likasi na Lubumbashi, karibu na Kapolowe. Kwa wakaaji wengi shaba ni feza, basi. Lakini zamani ilikuwa pia kitu cha wafu. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, watafiti waliochimba mwaka 1957 na 1958 walikuta misalaba ya shaba imelazwa pamoja na maiti. Haikuwa misalaba ya kanisa: ilifuliwa mamia ya miaka kabla mmisionari wa kwanza hajafika Katanga.

Hapo ndipo kazi ya Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, inapata uzito. Mwaka 2015, huko Venice, alionyesha vibao vya shaba vyenye chale, zile alama ambazo wazee walichanjwa mwilini na ambazo wakoloni na misioni walizipiga vita. Ngozi ya babu imewekwa juu ya madini ambayo wajukuu wanachimba. Tatizo ni kwamba Venice iko mbali sana na Kapolowe.

Si wasanii wakubwa tu. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa mitaani Lubumbashi waliuza picha za mamba muntu, mwanamke wa majini anayetoa utajiri na kudai malipo yake. Wafanyakazi waliitundika pale wanapopokelea wageni. Baadaye wahubiri waliiita ya shetani.

Upande wa serikali, mambo yanaenda polepole. Mwezi wa pili 2022 Ubelgiji ilikabidhi Kinshasa orodha ya vitu karibu 84,000. Mwezi wa sita, mfalme Philippe alileta kinyago cha Kakuungu, lakini kama mkopo usio na mwisho. Mtu hakopeshwi kitu chake! Sheria iliyopitishwa Ubelgiji mwaka huohuo inafungua njia ya kurudisha vilivyopatikana vibaya, ila mazungumzo ni kati ya serikali na serikali. Jamaa za machifu hazina kiti mezani.

Mfano ni sanamu ya babu wa chifu Lusinga, upande wa Tanganyika. Watu wa afisa Émile Storms waliichukua Desemba 1884, siku walipomuua chifu na kumkata kichwa. Sanamu iliishia Tervuren, na fuvu likaenda Brussels. Kwa ukoo wake, sanamu hiyo si sanaa ya kutazamwa. Ni mzee ambaye hajarudi nyumbani.