Mali Bila Daftari: Nikaha ya Mgeni na Hati Zake

 

Katika maswali tunayoletewa hapa Mtongwe, na yale yatokayo Likoni, Kisauni na Changamwe, liko moja lisilokoma kurudi, na kila Mfunguo Mosi ukiingia na harusi zikaanza kuandamana, huongezeka. Binti ameolewa na mume wa Ngazija, wa Hadhramaut au wa Unguja. Au kijana wetu ameoa ugenini. Nikaha imesihi, mahari yamelipwa, karamu ya walima imeliwa. Kisha ndipo tunapoulizwa: vipi tutamleta nyumbani akae nasi kwa amani, asiwe mtu wa kujificha kila aonapo gari la polisi?

Jambo lenyewe si geni kwetu. Pwani hii imejengwa kwa ndoa za namna hiyo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yaliteremsha wafanyabiashara waliongojea kusi ili warudi kwao, na wengi wao hawakurudi. Walioa, wakazaa, wakazikwa hapa. Na leo ni nyumba chache za Waislamu wa Mombasa zisizokuwa na babu wa ng'ambo. Zama hizo ushahidi wa ndoa ulikuwa mtaa wenyewe. Kila mtu alijua kwamba fulani ni mume wa fulani, na hilo likatosha. Leo halitoshi, kwa sababu anayeuliza si jirani. Ni ofisa wa serikali asiyemjua bwana wala bibi, na linaloingia katika jalada lake ni lile lililoandikwa tu.

Kwanza tuwape habari njema mama zetu na dada zetu, maana wako wengi ambao hawajazipata. Chini ya katiba ya zamani, mwanamume wa Kenya akioa mgeni, mkewe alikuwa na haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Lakini mwanamke wa Kenya akiolewa na mgeni, mumewe hakuwa na haki hiyo. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi naye aliufuata uraia wa baba, si wa mama. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliondoa tofauti hiyo. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mtoto ni raia wa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Mtongwe au Maskati, na hata akiwa amezaliwa kabla ya katiba hiyo. Kifungu cha 15 kinampa mume au mke wa raia, baada ya miaka 7 ya ndoa, haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Na kifungu cha 13 kinahakikisha kwamba raia hapotezi uraia wake kwa kuolewa wala kwa kuachwa. Basi asije mtu akamtisha binti kwamba akiolewa na mgeni atakuwa mgeni kwao.

Miaka hiyo 7 lakini ina ngazi za kupandwa moja moja. Ngazi ya kwanza ni kuingia nchini kwa njia ya halali. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza, na mahali pake ikaweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao kabla ya safari. Ndugu zetu wengi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Lakini kuingia kwa ziara si ruhusa ya kukaa. Ngazi ya pili ni pasi ya mtegemezi, ambayo raia humwombea mume au mke wake katika Idara ya Uhamiaji. Ngazi ya tatu inatokana na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, inayomruhusu aliyetimiza miaka 3 katika ndoa na raia kuomba ukaaji wa kudumu. Ya nne ndiyo uraia wenyewe, na hapo sheria huangalia kama ndoa ilifungwa kwa utaratibu unaotambulika Kenya, kama haikufungwa kwa ajili ya kutafuta hati tu, na kama wawili hao bado wanaishi pamoja. Anayekaa bila ruhusa yoyote anatenda kosa ambalo faini yake yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili.

Ngazi hizo zote zimeegemea ukuta mmoja, nao ni cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaiacha nikaha yetu ifuate sharia ya Kiislamu. Inachotaka ni kwamba kadhi, sheikhe, mukhi au imamu anayeozesha awe ameidhinishwa na Msajili wa Ndoa, aandike habari za ndoa, atoe cheti, kisha apeleke kumbukumbu hizo kwa Msajili. Huo ndio mzigo wote. Haukuongezwa wala kupunguzwa chochote katika nguzo za nikaha. Na hata hivyo ndipo tunapokwama.

Mama mmoja wa hapa Mtongwe alitujia akiwa na wanawe watatu. Mumewe ni mtu wa Ngazija, fundi seremala, mcha Mungu, na majirani humsifu. Waliozeshwa nyumbani baada ya Isha na maalimu mzee ambaye hakuwa na idhini ya kuandikisha. Walii alikuwapo, mashahidi wawili walikuwapo, Fatiha ikasomwa, watu wakala halua na kahawa, wakatawanyika. Hakuna aliyeandika neno. Kwa miaka kadhaa bwana yule akawa anavuka mpaka wa Lunga Lunga na kurudi ili apigwe muhuri mpya wa ziara, hata siku moja akaumwa, muda ukapita, akawa hana ruhusa. Ndipo mkewe alipokwenda kumwombea pasi, akaulizwa cheti. Maalimu ameshafariki. Shahidi mmoja naye yuko chini ya mchanga, na walii yuko Arabuni kikazi. Mbele ya Mungu mama huyu ni mke wa mtu bila shaka yoyote. Katika daftari la nchi yake ni mwanamke asiye na mume, mwenye watoto watatu.

Tulimwelekeza kwenye Mahakama ya Kadhi, ambayo katiba katika kifungu cha 170 imeipa mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Shahidi aliyebaki alikwenda, na majirani wakaenda. Ndoa ilithibitishwa, lakini baada ya kuvuka feri mara nyingi, baada ya gharama, na baada ya usiku mwingi ambao mama yule hakulala akisikiliza mlango. Maombi ya pasi sasa yameshapelekwa, nao wanangoja. Yote hayo yangeepukwa kwa kalamu na nusu saa usiku ule wa akidi.

Wapo wanaotujibu kwamba kuandikishana ni kutoaminiana, na kwamba wazee wetu hawakuandikishana wakaishi. Tunawaomba watazame Qur'ani Tukufu. Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani yake ni ya 282 katika Suratul Baqara, na mambo yake ni deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Ikiwa deni la mtu na mwenzake limeshughulikiwa kiasi hicho, je, ahadi inayobeba mahari, nafaka, nasaba na mirathi? Wahenga wetu nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali gani iliyo bora kuliko mtoto na nasaba yake? Kuandika ndoa si kumtuhumu bwana harusi. Ni kumhifadhi yeye, mkewe na wale watakaozaliwa.

Liko na jambo la nafaka, ambalo mawalii hulisahau. Pasi ya mtegemezi peke yake si ruhusa ya kazi. Mgeni akitaka kuajiriwa au kufungua biashara huhitaji kibali chake. Sharia yetu imemwekea mume wajibu wa kumlisha mkewe, kumvisha na kumpa makazi, na katika madhehebu ya Shafi, mke ambaye mumewe ameshindwa kabisa kumpa nafaka anaweza kulipeleka shauri lake kwa kadhi akaomba kuvunjiwa ndoa. Sasa mume amezuiwa kufanya kazi kwa kukosa kibali, na mke ndiye anayekaanga mahamri alfajiri ili nyumba ile. Akiridhia, hiyo ni sadaka yake na ana malipo kwa Mola wake. Lakini aridhie kwa kujua, kabla ya akidi, asije akaligundua jambo hilo ndani ya fungate.

Vivyo hivyo kwa mabinti wanaochukuliwa kwenda nje. Kila nchi ina mlango wake. Jirani zetu wa Tanzania humruhusu mke mgeni wa raia wao kuomba uraia, lakini hawamruhusu mume mgeni kwa njia hiyo ya ndoa, na mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili kwao. Basi binti wa Mtongwe anayeolewa Tanga, akitaka uraia wa huko, ajue atauacha wa hapa. Oman iliwataka raia wake kuomba kibali cha serikali kabla ya kuoa mgeni mpaka mwaka 2023 ilipoliondoa sharti hilo, na Saudia bado inawataka raia wake waombe. Uingereza humtaka anayeomba kumleta mwenzake aonyeshe kipato cha mwaka: kilikuwa pauni 18,600 tangu 2012, na Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000. Walii anayemwoza binti yake kwa kijana wa huko bila kumuuliza kipato chake, huenda anamwoza kwa simu: mume London, mke Mtongwe, na umri unakwenda.

Na tuwatanabahishe wale wanaosema kwamba nikaha itafungwa huko huko nyumbani kwa watu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba nikaha iliyofungwa nchini humo bila kufuata utaratibu wa serikali wa ndoa si ndoa mbele ya sheria ya huko. Nikaha iliyofungwa na kuandikishwa Kenya kwa mujibu wa sheria za Kenya haina tatizo hilo. Kwa hiyo cheti kinachotolewa hapa Mombasa kinaweza kumlinda binti yetu kuliko sherehe kubwa ya ugenini.

Tuseme pia neno gumu. Wapo vijana wetu, na wapo wageni, wanaoitumia ndoa kama tiketi. Wanakubaliana kuwa mume na mke mpaka hati zitoke, kisha kila mtu ashike njia yake. Ndoa ya kuwekeana muda haijuzu kwetu, na nchi nazo huihesabu kuwa ni ulaghai. Lakini anayeumia mno ni yule wa tatu: mke wa kweli, aliyeoana na mgeni kwa nia safi, ambaye sasa anahojiwa kama mwizi kwa sababu waliomtangulia walidanganya.

Kwa hiyo tunawausia mawalii, na zaidi mama zetu, maana posa huanzia kwao. Mnapouliza dini ya kijana, tabia yake na ukoo wake, ulizeni na haya: ana pasipoti inayofanya kazi? Yuko nchini kwa ruhusa gani, na inakwisha lini? Ana mke mwingine, na ndoa hiyo imeandikwa wapi? Wataishi kwao au kwetu, na huko watakokwenda binti atapokewa kwa hati ipi? Katika madhehebu yetu ya Shafi, sharti la kutomhamisha mke mji wake halimfungi mume, ingawa wenzetu wa Hambali wanaliona linamfunga. Basi msitegemee ahadi ya mdomo barazani. Mwiteni anayeozesha kwa idhini ya Msajili. Majina katika cheti yaandikwe sawasawa na yalivyo katika pasipoti na kitambulisho, maana herufi moja huchelewesha mwaka. Ikiwa ndoa ilifungwa nchi ya Kiarabu, cheti kitafsiriwe na kuthibitishwa huko huko kabla ya kuondoka. Watoto wakizaliwa, waandikishwe mapema. Na nakala moja ya kila hati ikae kwa mama wa binti, si kwa bwana harusi peke yake.

Tunajua kwamba haya yanaweza kuchelewesha harusi kwa mwezi mmoja au miwili, na kwamba ukumbi umeshalipiwa na jamaa wameshaalikwa. Kuchelewa huko ni kwepesi. Mtongwe zipo nyumba ambazo baba amerudishwa kwao, na watoto humwona katika kioo cha simu siku ya Idi.

Mwenyezi Mungu azikusanye familia zilizotenganishwa, awafungulie milango wanaongoja, na awajaalie mabinti zetu waume wema na makazi ya utulivu. Amin. Wabillahi tawfiq.