Sajili ya Chanjo Yahitaji Wahudumu, si Tarakilishi Pekee

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, mtoto bila daftari? Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihama mji, kijitabu cha chanjo cha mwanangu kilipotea safarini. Zahanati aliyochanjwa awali ikanijibu kwamba vitabu vyake vya zamani havionekani. Muuguzi wa zahanati mpya akaniuliza, "Mwalimu, mtoto huyu amedungwa mara ngapi?" Pamoja na shahada yangu ya uzamifu, sikuwa na jibu.

Tatizo hili si letu pekee. Kati ya 1989 na 1991, Marekani ilikumbwa na mkurupuko wa surua uliowapata watu zaidi ya 55,000 na kuwaua zaidi ya 120. Wengi walikuwa watoto wadogo ambao hawakuchanjwa. Katika miaka iliyofuata, majimbo na miji ya huko ilianzisha sajili za tarakilishi ili rekodi ya mtoto isomeke popote atakapotibiwa. Sajili ya jiji la New York ilianza 1997.

Hata hivyo, sajili isiyoletewa habari na madaktari ni ghala tupu. Watoto wengi wa Marekani huchanjwa katika zahanati za kibinafsi, na wenye zahanati hizo walikuwa na maswali ya haki: Ni nani atakayeziingiza habari hizo? Gharama ni ya nani? Siri za wagonjwa zitalindwaje?

Hapa ndipo zinapofaa programu za kutunza mawasiliano, ambazo mawakala wa mauzo wamezitumia tangu miaka ya themanini. Kila zahanati hufunguliwa ukurasa wake: jina la daktari, muuguzi anayeshughulikia chanjo, siku aliyopigiwa simu, pingamizi alilolitoa, na ahadi aliyopewa. Siku ya ahadi ikiwadia, programu humkumbusha afisa. Aidha, mkuu wake huona mara moja ni zahanati zipi zimekubali, zipi zinasubiri mafunzo, na zipi zimeacha kuleta habari. Afisa akihamishwa, mrithi wake haanzi upya kumuuliza daktari maswali yale yale.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Lakini lugha yetu inatufunza jambo. Mtoto mchanga husajiliwa bila kuulizwa. Mhudumu wa afya hushirikishwa, na ushirika hauji ila kwa hiari. Programu itakumbusha kwamba daktari alilalamikia gharama. Kumjibu ni kazi ya mtu mwenye adabu na subira.

Nchini Kenya, mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na chanjo ya surua hutolewa katika miezi ya 9 na 18. Katika muda huo mzazi aweza kuhama kaunti mara mbili. Kwa kuwa huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013, ni wajibu wa kila kaunti kuzijua zahanati zake zote, za umma, za misheni na za kibinafsi, na kuzungumza nazo kabla ya kununua mitambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo izingatiwe, ili daktari apate jibu la kweli anapouliza juu ya siri.

Tusiponye fedha kwenye mashine huku tukimsahau muuguzi aliyeshika sindano. Bila yeye, kuna mzazi mwingine atakayeulizwa swali nililoulizwa mimi, naye atanyamaza vivyo hivyo.