Twendeni Nyandungu Jua Likichomoza

Ukiwa Kigali kati ya Juni na Agosti, siku moja jihimu uende Nyandungu, bonde la ardhioevu lililomo mjini humo. Vaa sweta, maana mji huu umekaa juu, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri hushukia bondeni. Ndege utawasikia kabla ya kuwaona. Kwarara hutangulia kwa sauti zao kali, kisha minana huanza kelele zao kwenye matete. Tembea polepole. Yangeyange hamkimbii mtu asiye na pupa, na mdiria akitulia tawini, simama nawe umtazame anavyoyalenga maji.

Bonde hili lilikuwa limechakaa kwa shughuli zetu wanadamu. Kazi ya kulifufua ilianza mwaka 2016, na mwaka 2022 wananchi wakafunguliwa milango ya bustani ya hekta 121, yenye madimbwi, miti ya asili na njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa kijasiri: ardhi ya mjini, ambayo ingeweza kujengwa, ikarudishiwa maji.

Na maji hayo yana kazi. Mvua ya Kigali huteremka vilimani na udongo, mafuta ya magari na taka za mitaroni. Ikifika kwenye matete hupunguza kasi. Tope hutua, mizizi hufyonza sehemu ya uchafu, na yanayotoka ni maji yenye nafuu. Maji ya mabonde haya huishia Mto Nyabarongo, kisha Akagera, na Akagera huingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo mvuvi wa Bukoba ana haki yake Nyandungu, hata kama hajawahi kukanyaga Rwanda.

Wapeleke watoto pia Umusambi, ardhioevu nyingine iliyofufuliwa mjini humo. Wanatunzwa pale korongo taji waliowahi kufugwa majumbani na mahotelini kama mapambo, na ambao kwa ulemavu walioupata hawawezi kurudi porini. Mtoto akimwona ndege mzuri namna ile asiyeweza kuruka, hahitaji hotuba.

Lakini tusiende kutazama tu. Wanyarwanda wanayo umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tuwaombe viongozi wa mitaa siku hiyo tusafishe mitaro inayoelekea mabondeni, tuokote chupa kabla mvua za Septemba hazijazisomba. Nawe uliye karibu na Mto Msimbazi wa Dar es Salaam au Mto Nairobi, waite jirani zako muanze na mtaro wa mtaani kwenu. Na ukiona lori linamwaga kifusi bondeni, usipite kimya: toa taarifa kwa uongozi siku hiyo hiyo.