Moto wa Bure

Kiangazi kikifika, viwanja vya Lumumba, hapa mjini Bunia, hufuka moshi kila jioni. Watu wamekata matawi ya miembe na mikaratusi, wamelundika, wamewasha. Asubuhi hubaki majivu, na mvua ya kwanza huyachukua mpaka mferejini. Sisi twasema huo ni upotevu, na wenye kuufanya ni wale wale wanaolalamika kwamba lenga-lenga yao haikui.

Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu, kisha vya Irumu, vimewatoa watu wengi mashambani wakakimbilia Bunia. Aliyekuwa na shamba kubwa sasa analima nyuma ya nyumba, pengine kwa ruhusa ya jamaa, hatua 10 kwa 5. Hawezi kuuacha udongo upumzike kama walivyofanya wazee, nayo mbolea ya dukani yataka fedha. Mtu huyu akigeuza matawi yake kuwa majivu matupu, amechoma chakula cha watoto wake.

Dawa si ngumu. Chimba shimo pana juu, jembamba chini, lenye kina cha kufika magoti au zaidi kidogo. Washa vijiti vikavu ndani. Majivu meupe yakianza kuonekana juu yake, tandaza vingine, kisha vingine tena. Mwali wa juu hula hewa na moshi pia, na kuni za chini hugeuka makaa pasipo kuteketea. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi. Ukinyunyiza tu, kesho utakuta majivu yale yale. Halafu ponda, changanya na samadi ya mbuzi au ya kuku, acha wiki kadhaa, ndipo ufukie. Hapo wengi huharakisha. Makaa makavu peke yake hunyonya chakula cha mimea, na mwenye bustani hukata tamaa msimu wa kwanza.

Je, ni maneno matupu? Wenyeji wa Amazon, kule Brazil, waliacha makaa udongoni, na baada ya miaka zaidi ya 1,000 udongo huo ungali mweusi wenye rutuba. Magharibi ya Kenya, majaribio yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha mahindi kuongezeka karibu mara mbili katika mashamba yaliyochoka kabisa. Mashamba yenye nguvu bado hayakupata faida kubwa hivyo, wala tusimwahidi mtu miujiza.

Lakini twasikia watu wakisema: “Makala ni ya kupikia. Nani ana wazimu wa kuyazika, gunia likiwa ghali?” Wana haki. Hatumwambii mtu azike makala aliyonunua, sembuse kuangusha mti kwa kazi hii! Tanuri la udongo hutoa kilo 10 mpaka 20 tu kwa kuni kilo 100, na misitu ya Mambasa imekwisha kutoa ya kutosha. Twataka yale yasiyofaa jikoni: vitawi, mabua, vipande vya maseremala visivyopakwa rangi. Tena ziko chenga za chini ya gunia, ambazo wauza makala humwaga kando ya barabara. Hizo hazihitaji hata shimo. Mwombe mama muuzaji. Atakupa bure, naye atashukuru kuondolewa uchafu mlangoni pake.