Kabla hujanunua huyo mbwa, hesabu bei ya sindano

Wacha nikuulize swali moja, na ujijibu ukiwa peke yako ili usidanganye mtu. Mbwa wako akianza kutapika leo saa tano usiku, una pesa ngapi kwa simu?

Usiniambie vile unampenda. Hata mimi nilimpenda wangu. Nimeuliza pesa.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara ya kuelekea Westlands. Kama unaishi Nairobi unawajua hao wauzaji. Magari yakikwama kwenye foleni wanakuja wamekumbatia watoto wa mbwa wawili watatu, wanakuonyesha kupitia dirisha. Mimi hata gari sikuwa nalo, nilishuka matatu. Bei ilianza Sh5,000, tukavutana hadi Sh3,000. Jamaa akaniapia kuwa huyo ni German Shepherd halisi, ana miezi mitatu, na ati ashadungwa chanjo zote. Je, niliitisha kadi ya chanjo? Sikuitisha. Sikujua hata kuna kitu kama hicho. Nilimtia kwa boksi, nikampoza makanga na mia moja asituteremshe, tukaenda zetu Kahawa West. Nikamwita Bosco.

Siku ya sita Bosco alikataa chakula. Kufikia jioni alikuwa anatapika povu la njano. Nikakimbia agroveti ya pale steji, na kijana wa kaunta akaniuzia tembe za minyoo za Sh150 bila hata kuuliza mgonjwa ana umri gani. Asubuhi Bosco akaanza kuharisha damu. Harufu yake siwezi kukueleza, lakini kama umewahi kuinusa unajua.

Nikambeba hadi kliniki. Daktari alimtazama, akafanya kipimo, akaniambia, "Kijana, huyu ana parvo."

Parvo ni virusi vinavyoshambulia utumbo wa mbwa, hasa wale wadogo ambao hawajapata chanjo. Hakuna dawa ya kuviua vikishaingia mwilini. Kinachofanyika ni kumshikilia mgonjwa asife huku mwili wake ukipigana: maji ya dripu kwa sababu anapoteza mengi, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki ili bakteria wa utumbo wasiingie kwa damu. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, mchana na usiku, na mgonjwa akiwa ametengwa na wanyama wengine.

Kisha akanipa hesabu. Kumwona daktari, Sh1,500. Kipimo, Sh2,000. Kulazwa, Sh4,000 kwa siku, na alikadiria siku tano. Jumla Sh23,500, na hakuna mtu wa kukuahidi kwamba atapona. Binadamu ana SHA, hata kama tunailalamikia kila siku. Mbwa hana. Kwa M-Pesa nilikuwa na Sh2,300, na Fuliza nilikuwa nimeimaliza kitambo.

Nilikasirika. Nilimuuliza daktari kama kweli anaweza kuacha kiumbe afe kwa sababu ya pesa. Hakunijibu kwa hasira. Alisema kuna njia mbili zingine. Moja, anipe dawa nikamhudumie nyumbani, ingawa uwezekano wa kupona ni mdogo. Ya pili, ampumzishe kwa sindano, asiteseke.

Hiyo ya pili niliiona kama matusi. Nikachagua ya kwanza. Daktari alichukua Sh1,500 yake, ya kipimo akasema nitaleta nikipata, na dawa alizonifungia hakuniandikia bei yoyote.

Usiku huo huo nikaandika posti ndefu mtandaoni nikisema madaktari wa mifugo ni wezi waliovaa makoti meupe. Ilisambazwa sana. Watu walinipa pole na kila mmoja akaleta kisa chake cha bili. Nilijiona shujaa. Bosco alikufa siku ya pili alfajiri, ndani ya beseni langu la kufulia, baada ya saa nyingi za kulia kwa sauti ambayo majirani waliisikia hadi ghorofa ya tatu.

Hizo saa nyingi ni zangu. Si za daktari. Niliambiwa kuna njia ya kumaliza mateso nikakataa, si kwa sababu ya Bosco, ila kwa sababu sikutaka kuonekana nimeshindwa. Na kabla ya hapo, nilikuwa na Sh3,000 za kununua mbwa na sikuwa hata na mia tano za kumdunga sindano.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ni karo, hakuna kingine. Kuingia hakukuwa shida. Familia ilichanga, tukanunua godoro na sanduku, shangazi akapika pilau. Lakini kuingia chuo ni siku moja, na kubaki ni kila muhula. Ilipofika muhula wa nne hakuna aliyekumbuka kuchanga. Kwa hivyo mimi kati ya watu wote ningepaswa kujua kwamba bei ya kuanza kitu na bei ya kukiendeleza ni vitu viwili. Lakini nilimfanyia Bosco vile vile nilivyofanyiwa mimi.

Sasa wacha tuongee hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapotea.

Mtoto wa mbwa huanza chanjo ya pamoja, ile inayomkinga na parvo na distemper, akiwa na wiki sita hadi nane. Kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe angalau wiki 16. Sindano moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyopewa na mama yake inaweza kuizuia kufanya kazi. Akifikisha miezi mitatu anadungwa ya kichaa cha mbwa. Ongeza dawa ya minyoo, na baadaye kumhasi akiwa dume au kumfunga kizazi akiwa jike.

Mbwa niliye naye leo anaitwa Chapo. Ni mbwa koko, jike, alitupwa karibu na jaa la taka akiwa na kama miezi miwili. Chanjo zake tatu za pamoja nililipa Sh1,500 kila moja. Ya kichaa cha mbwa, Sh800. Jumla Sh5,300. Hiyo haifiki hata robo ya ile Sh23,500 niliyolilia kliniki. Kumfunga kizazi kulinigharimu Sh6,000. Kwako bei zinaweza kuwa tofauti, lakini uliza popote utakapo: kukinga hakujawahi kuwa ghali kuliko kutibu.

Nilizitoa wapi, na bado sina kazi ya kueleweka? Daktari alikuwa ameniambia virusi vya parvo vinaweza kukaa kwenye udongo na sakafuni mwaka mzima na zaidi, kwa hivyo nisilete mtoto mwingine wa mbwa asiye na chanjo mahali pale. Nilisugua keja kwa Jik hadi macho yakawasha, na nikangoja. Katika huo mwaka wa kungoja niliweka Sh40 kila siku, bei ya chapati mbili. Mwaka ulipoisha nilikuwa na Sh14,600. Deni la kipimo cha Bosco nikalilipa kwanza. Daktari alikuwa hata amelisahau. Chapo alipokuja, pesa za kumtunza zilikuwa zimemtangulia, na hata jina lake limetoka hapo.

Najua utasema nini. Utasema, kwa hivyo mbwa ni wa watu wa Karen na Runda tu? Sisi wa ploti tusifuge?

La. Mbwa si mali ya matajiri, na sitaki mtu yeyote anisome hivyo. Nimewaona wazee wa mtaa wanaolala kwenye kibanda cha ulinzi na mbwa wao ana afya kuliko wale wa getini. Ninachosema ni kwamba kama huwezi kuweka chapati mbili kando kwa mwaka mmoja, bado hujawa tayari, na hakuna aibu katika kungoja. Aibu ni kumchukua halafu umwachie Mungu.

Na kama peke yako huwezi, ungana na wengine. Chapo halindi mlango wangu peke yake, anabwekea mtu yeyote anayeruka ukuta wa ploti saa tisa usiku. Nikaenda mlango kwa mlango nikawaambia majirani hivyo hivyo. Mama mboga wa hapo chini alitoa Sh100 na mabaki ya omena. Jamaa wa ghorofa ya pili alinicheka, akatoa Sh50. Wengine walifunga mlango. Lakini mwaka jana chanjo yake ya kichaa cha mbwa ililipwa na ploti, si mimi. Tuna vyama vya mazishi, vya sufuria na vya kununua mbuzi wa Krismasi. Cha sindano ya mbwa anayetulinda kinatushinda nini?

Nasisitiza chanjo hiyo kwa sababu hapo mambo yanaacha kuwa ya mbwa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa, na kwamba tukichanja asilimia 70 ya mbwa mnyororo unakatika. Kenya iliweka lengo la kumaliza vifo hivyo vya binadamu ifikapo 2030. Angalia kalenda. Mtoto akiumwa na mbwa mtaani kwenu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo aanze sindano. Usingoje kuona kama mbwa ataugua. Na mtoto huyo anaweza kuwa wa jirani yako, na mbwa akawa ni wako ambaye uliokoa Sh800 kwake.

Kuna mengine ya bure ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Usinunue mnyama bila kadi ya chanjo yenye tarehe, sahihi ya daktari na kile kibandiko kinachotolewa kwenye chupa ya dawa. Ukienda kwa daktari, una haki ya kuuliza kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Hawa wanaotembea na sindano mfukoni ni wengi. Usimpe paka paracetamol, hata nusu tembe, inamuua. Kama unataka mbwa, pita kwanza KSPCA pale Lang'ata Road uone walio tayari wanahitaji nyumba. Kama bili ni kubwa, uliza kuhusu kliniki ya chuo kikuu kule Kabete, wanakofunzwa madaktari wenyewe. Na siku zote uliza bei kabla ya matibabu, kisha umwambie daktari ukweli kuhusu mfuko wako. Wengi wana mpango wa pili, lakini hawawezi kukupa ukijifanya unazo.

Kwenu madaktari pia nina neno, kwa heshima. Bandikeni bei za chanjo mlangoni. Vijana wengi hawaingii kliniki kwa sababu wanadhani kila kitu ni elfu ishirini, kwa hivyo wanaishia kwa kijana wa kaunta. Mkikubali malipo ya polepole kwa chanjo, mtatuona mapema kabla hatujaleta maiti zinazopumua. Na kaunti zikileta chanjo za bure, zije Jumamosi, zitangazwe kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa. Jumatano saa nne asubuhi sisi tuko kwa mihangaiko.

Lakini hata kaunti ikichelewa, na bei zikibaki vile zilivyo, mtu wa kwanza wa kuulizwa ni wewe uliyemleta nyumbani. Yeye hakukuomba umchukue.

Ile posti yangu ya wezi wenye makoti meupe ilikaa mtandaoni karibu miaka mitatu. Hadi juzi kuna mtu alikuwa bado anaiweka alama ya kupenda. Nimeifuta. Badala yake nimeandika haya. Najua hayatasambazwa vile, kwa sababu safari hii mwenye makosa ni mimi.

Chapo ana miadi ya chanjo mwezi ujao. Wako ni lini?