Kadi ya sindano ya mtoto nayo ivuke mpaka

Sisi tunaovuka Mpondwe kwenda Kasindi tumezoea kunawa mikono na kupimwa joto. Ebola ilipoingia Kasese kutoka Kongo mwaka 2019, kila mtu alielewa sababu. Lakini uko ugonjwa unaopita mpakani kila siku ya soko bila kuulizwa: mafindofindo ya watoto wetu.

Mtoto akilalamika koo, tunampa maji ya chumvi, tunawahi sokoni. Mara nyingi hupona. Ila mafindofindo mengine huletwa na bakteria aitwaye streptokoka. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili inayopigana naye hugeuka na kushambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe, kama ofisa wa forodha anayemkamata mwenye stakabadhi kwa sababu amefanana na mtu wa magendo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo huisha, lakini vali za moyo huweza kubaki na makovu. Miaka ikipita, binti anashindwa kupanda kilima, au anazidiwa akiwa mjamzito. Hapo ni safari ya Kampala, Taasisi ya Moyo, Mulago.

Dawa yake ni ya zamani: penisilini. Mafindofindo hayo yakitibiwa mapema, moyo hupona. Mtoto ambaye vali zimeanza kuguswa huchomwa sindano kila wiki nne, kwa miaka. Utafiti uliofanyika Gulu kwa watoto 818, matokeo yakatoka 2021, ulionyesha kwamba katika miaka miwili ugonjwa ulizidi kwa watoto 8 katika kila 100 wasiochomwa. Kwa waliochomwa, hata mmoja katika 100 hakufika.

Wiki nne ndizo zinazotushinda. Mwezi huu mtoto yuko Bwera, mwezi ujao kwa bibi yake Kasindi. Kadi ya huku imeandikwa Kiingereza, muuguzi wa kule anasoma Kifaransa. Tarehe inapita.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tunadai kila siku bidhaa zivuke bila usumbufu. Tudai na hili: wizara mbili za afya zikubaliane kadi moja, kwa Kiswahili pia, inayopokelewa pande zote. Nasi wazazi, koo la mtoto likiuma na ana homa, tupite zahanati kwanza. Soko litakuwepo wiki ijayo.